Kosa la herufi moja linaloleta saratani ya ubongo kwa watoto

Mtoto aliyekuwa akikimbia vizuri anaanza kuyumba. Jicho moja linageukia ndani, anaona vitu viwiliviwili, uso unalegea upande mmoja, hata maji yanampalia. Dalili hizi zikifuatana ndani ya wiki chache, huenda pana uvimbe kwenye shina la ubongo, sehemu inayosimamia kupumua na kumeza. Mara nyingi chanzo ni kosa la herufi moja katika jeni iitwayo H3-3A.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu namba 1, na hubeba maelekezo ya kutengeneza histoni H3.3. Histoni ni protini zinazofungasha DNA. Kila seli ina DNA ya urefu wa karibu mita 2, na yote sharti ienee ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Ndiyo maana huzungushwa kama uzi kwenye bobini ya cherehani: histoni 8 hushikana, na kipande cha DNA chenye jozi za herufi zipatazo 147 huzizunguka karibu mara mbili.

Mjerumani Albrecht Kossel alizigundua histoni mwaka 1884, na kwa miongo mingi zilidhaniwa kuwa vifungashio tu. Kumbe zina kazi kubwa zaidi. Mikia yake hujitokeza nje, na seli huibandika alama za kikemikali zinazosaidia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Seli ya ini na ya ubongo zina DNA ileile. Zinatofautiana kwa jeni zinazosomwa.

Mwaka 2012 watafiti walitangaza walichokiona kwenye uvimbe wa shina la ubongo wa watoto: katika H3-3A, herufi A imegeuka kuwa T. Matokeo yake, asidi amino (kijenzi cha protini) ya 27 kwenye mkia wa histoni, laisini, inabadilika kuwa methionini. Laisini hiyo ndiyo hupokea alama ya kunyamazisha jeni. Histoni mbovu huwa chache kuliko nzima, lakini huzuia kimeng'enya kinachobandika alama hiyo, hivyo hata histoni nzima hukosa alama. Jeni zilizopaswa kulala zinaamka, na seli changa za ubongo zinazidi kugawanyika badala ya kukomaa.

Wazazi wasijilaumu. Kwa kawaida kosa hili halirithiwi kwa baba wala mama. Hutokea ndani ya seli za mtoto mwenyewe. Si laana, wala si adhabu.

Tiba bado ni ngumu. Uvimbe hujipenyeza kati ya seli nzima, hivyo daktari hawezi kuukata wote. Mionzi hutuliza dalili kwa miezi kadhaa, lakini watoto wengi hufariki ndani ya takriban mwaka mmoja. Agosti 2025 Marekani iliidhinisha dordaviprone, dawa ya kumeza kwa wagonjwa wenye kosa hili ambao uvimbe wao umeendelea kukua baada ya matibabu. Haiponyi, ila ni matunda ya kulijua kosa lenyewe.

Ukiona mtoto amepata makengeza ghafla, anayumba au anapaliwa kila mara, usingoje yapite. Mpeleke hospitali mapema, na uulizie kipimo cha MRI cha ubongo.