Meli iliyofika Kigoma ndani ya masanduku, na funzo la wanaounda meli na ndege ndogo

Kuunda meli na ndege ndogo zinazofuata vipimo vya vyombo halisi ni kazi ya burudani inayopendwa katika nchi nyingi. Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kazi hiyo ina funzo la karibu zaidi: namna chombo kinavyoelea, namna kinavyopinduka, na namna kinavyoweza kukumbukwa baada ya kutoweka majini.

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda meli ambayo haikukusudiwa kushushwa katika maji ya nchi hiyo. Ilipokamilika ilifumuliwa, na vipande vyake vikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda hicho walifuatana nayo ili kusimamia kazi ya kuiunga upya. Tarehe 5 Februari 1915 meli ilishushwa ziwani kwa jina la Graf von Goetzen. Leo tunaijua kwa jina la Liemba.

Yeyote aliyewahi kufungua boksi la modeli ataitambua mara moja kazi waliyokuwa nayo mafundi hao: vipande vingi, mchoro mmoja, na subira ndefu. Tofauti kubwa ni ukubwa wa vipande.

Skeli ni nini

Modeli hutofautiana na mwanasesere kwa jambo moja, nalo ni skeli. Skeli ya 1/72 maana yake ni kwamba kila kipimo cha chombo halisi kimegawanywa kwa 72. Liemba ina urefu wa mita 71 na kidogo. Kwa skeli ya 1/72, modeli yake ingekuwa na urefu wa karibu mita moja. Kwa 1/350 ingekuwa sentimita 20. Na kwa 1/700 ingekuwa sentimita 10, ikatosha katika kiganja cha mkono.

Namba 72 ilitokana na vipimo vya Kiingereza. Futi moja ina inchi 12, hivyo futi sita ni inchi 72. Katika skeli hiyo, mtu mwenye kimo cha futi sita huwa na kimo cha inchi moja. Waundaji wa ndege huipenda sana skeli hii, pamoja na ile ya 1/48. Chukua mfano wa ndege aina ya DC-3, iliyotumiwa zamani na shirika la East African Airways. Mabawa yake yana upana wa mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Kwa 1/72 upana huo huwa sentimita 40, na kwa 1/48 huwa sentimita 60. Waundaji wa meli huchagua skeli ndogo zaidi kwa sababu meli kubwa ingejaza chumba kizima.

Skeli ikishachaguliwa, hakuna kinachosalimika. Kamba yenye unene wa milimita 24 huwa uzi wa theluthi moja ya milimita. Mlango, ngazi, nanga, hata kichwa cha ribiti, vyote hufuata hesabu ileile. Jicho la mwanadamu ni hakimu mkali: mtazamaji huenda asijue hesabu, lakini akiona kamba nene kupita kiasi huhisi kwamba kuna jambo limekwenda kombo. Hata rangi huzingatiwa. Chombo kinachotazamwa kutoka mbali huonekana kimepauka kwa sababu ya hewa iliyo katikati, na kwa hiyo mafundi wengi huipausha rangi ya modeli kidogo ili ionekane ya kweli.

Kazi ya kale, zana mpya

Modeli za vyombo ni za kale mno. Katika kaburi la Meketre, mkuu mmoja wa Misri aliyeishi takriban miaka 4,000 iliyopita, wachimbuzi walikuta mwaka 1920 mashua ndogo za mbao zikiwa na wapiga makasia wake. Katika karne ya 17, Uingereza iliunda modeli za manowari zake kwa ustadi mkubwa. Wakati wa vita vya Napoleon, wafungwa wa Kifaransa waliozuiliwa Uingereza walichonga meli kutokana na mifupa iliyobaki jikoni, wakaziuza ili wapate riziki.

Plastiki ilikuja baadaye. Modeli za kwanza za plastiki za kuunga zilitolewa Uingereza na kampuni ya Frog mwaka 1936. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule, mwaka 1942, wachonge ndege 500,000 za mbao kwa skeli ya 1/72. Hazikuwa za kuchezea. Zilitumiwa kuwafundisha askari kutambua umbo la ndege angani, wasije wakawapiga wenzao. Baada ya vita kampuni ya Airfix ilitoa meli ya Golden Hind mwaka 1952, na uraibu huu ukaingia katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida.

Namna kazi inavyofanyika

Boksi la modeli ya plastiki huwa na fremu zilizoshika vipande, karatasi ya maelekezo na alama za kubandika. Fundi hukata kipande kwa koleo dogo, hulainisha kingo kwa msasa, kisha hujaribu kuviunganisha vipande bila gundi. Hatua hii ya kujaribu ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na ndiyo inayowagharimu. Gundi ya plastiki huyeyusha kidogo nyuso mbili hadi zikawa kitu kimoja. Kosa likishakauka halirudi nyuma. Harufu yake ni kali na ina madhara, hivyo kazi hufanywa mahali penye madirisha wazi.

Nyufa hujazwa kwa mchanganyiko mzito wa kuzibia, kama ule wa mafundi wa bodi za magari. Hufuata rangi ya msingi, kisha rangi zenyewe kwa matabaka mepesi. Namba na bendera hulowekwa majini na kuhamishiwa mahali pake. Mwisho fundi hutia alama za kuchakaa: kutu chini ya nanga, moshi kwenye dohani, mkwaruzo pale abiria wanapokanyaga.

Wanaotumia mbao hufuata njia nyingine. Hulaza mkuku, husimamisha mataruma, kisha hupigilia ubao mmoja mmoja kutoka omo hadi tezi. Asiye na duka la modeli karibu hapungukiwi na kitu cha kuanzia: kadibodi, mabua ya mtama, waya na mbao laini vinatosha. Watoto wetu waundao magari ya waya tayari wana nusu ya ufundi huu. Kilichobaki ni utepe wa kupimia na hesabu ya kugawanya.

Kinachopungua na kisichopungua

Hapa ndipo uraibu huu unapogusa maisha ya watu wa ziwani. Tuseme tunaunda meli kwa skeli ya 1/100. Urefu unagawanywa kwa 100. Eneo la sitaha, kwa kuwa lina urefu na upana, linagawanywa kwa 10,000. Uzito, kwa kuwa ujazo una urefu, upana na kina, unagawanywa kwa milioni moja. Meli ya tani 1,000 inakuwa modeli ya kilo moja. Abiria mwenye kilo 70 anakuwa na uzito wa sehemu 7 kwa 100 za gramu moja, sawa na punje tatu hivi za mchele.

Kasi nayo ina kanuni yake. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyejenga tangi la majaribio huko Torquay mwaka 1872, alionyesha kwamba modeli ya 1/100 hutengeneza mawimbi yanayofanana na ya meli halisi ikiendeshwa kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya meli hiyo. Tangu wakati huo, wahandisi hujaribu meli katika tangi kabla ya kukata bati la kwanza.

Lakini kuna jambo moja ambalo halipungui, nalo ni pembe ya kulala. Ikiwa uzito wote umepangwa kwa skeli, modeli italala upande kwa pembe ileile ambayo meli halisi ingelala mzigo ukihamishwa vivyo hivyo. Na pale ambapo meli ingepinduka, modeli nayo itapinduka.

Jaribio hili linaweza kufanywa nyumbani. Unda mfano wa mtumbwi wa mbao wa mita 8 kwa skeli ya 1/10. Utakuwa na sentimita 80. Katika skeli hiyo uzito hugawanywa kwa 1,000, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ni kijiwe cha gramu 70, kizito kidogo kuliko yai la kuku. Tia uzito ndani hadi mtumbwi uzame kwa kina ambacho mtumbwi halisi huzama ukiwa mtupu, kikiwa kimegawanywa kwa kumi. Kisha panga vijiwe sakafuni mwake na uusukume pembeni kwa kidole. Utainuka tena. Sasa chukua vijiwe vilevile, uviweke juu ya kibao kilicholala kwenye kingo zake, kana kwamba abiria wamesimama au wamepanda juu ya shehena. Usukume tena.

Sababu ni nyepesi kueleza. Uzito wa chombo huvuta chini. Maji husukuma juu. Chombo kikilala, sehemu iliyozama huongezeka upande wa chini, na maji ya upande huo hukisukuma kirudi wima. Uzito ukiwa chini, maji hushinda. Uzito ukipanda juu mno, nao huegemea upande huohuo na kuyashinda maji. Ndiyo maana manahodha wa zamani walitia farumi ya mawe chini kabisa ya jahazi tupu kabla ya kutweka tanga.

Majirani zetu wa Ziwa Victoria wanaijua gharama ya kusahau kanuni hiyo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Katika ajali zote mbili, kujaza abiria kupita kiasi kulitajwa miongoni mwa sababu. Mtoto aliyeona kwa macho yake vijiwe kumi vikipindua mtumbwi aliouunda mwenyewe hatahitaji kuhubiriwa sana siku atakapoambiwa apande juu ya magunia.

Modeli kama shahidi

Faida nyingine ni kumbukumbu. Pwani ya Afrika Mashariki kulikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi pasipo misumari, na tanga lake la mraba lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20. Leo anayetaka kujua ilivyokuwa hutegemea maandishi, picha za zamani, na modeli zilizohifadhiwa katika makumbusho kama ya Lamu. Chombo kilikwenda, lakini aliyekiunda kwa udogo alituachia umbo lake.

Liemba yenyewe iliponea chupuchupu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi isije ikatekwa, baada ya mafundi kuzipaka mashine zake grisi nzito. Ilielea tena mwaka 1924, ikarudi kazini tarehe 16 Mei 1927. Kwa miongo mingi iliunganisha bandari za ziwa hili, na Mei 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka ufukwe wa Kagunga hadi Kigoma. Kwa familia nyingi, sitaha ile ni sehemu ya historia ya nyumba yao. Hata hivyo bati halidumu milele, na meli iliyovuka miaka mia moja inahitaji zaidi ya matengenezo ili isisahaulike.

Anayetaka kuanza asianze na manowari ya mbali. Aende ufukweni na utepe wa kupimia, achague mtumbwi mmoja anaoujua, apime urefu, upana na kina chake, kisha agawanye kwa kumi. Amwulize fundi mzee jina la kila ubao, na aliandike kando ya mchoro. Atapata modeli ya kuweka kabatini, na pamoja nayo daftari la maneno na vipimo ambalo wajukuu wa fundi huyo huenda wakalihitaji siku moja.