Siku moja Fisterra baada ya hija ya miguu

Watu wanaotembea hadi Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, huhesabu kilometa kwa makini sana. Wanaoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, wana karibu 780 mbele yao. Wanaoanzia Sarria wana zaidi kidogo ya 100, na 100 ndicho kiasi ambacho kwa desturi mtembea kwa miguu hutakiwa kutimiza ili apewe cheti kiitwacho Compostela. Kila mtu huweka pia siku moja ya akiba kwa ajili ya mvua au malengelenge ya miguu. Mvua isipomchelewesha mtu, siku ile hubaki mkononi, naye hajui aifanyie nini. Jibu la wengi ni bahari. Mji wa pwani unaotajwa kwanza ni Fisterra, ulio kama kilometa 90 kutoka Santiago kwa njia ya miguu, yaani siku tatu au nne zaidi. Kwa basi ni saa mbili hadi tatu, kufuatana na njia ambayo basi linapita.

Mimi nilitembea sehemu ya mwisho tu, pamoja na mama mdogo anayeishi Ubelgiji na kikundi cha parokia yake. Kuipanga siku iliyobaki niliachiwa mimi, «kwa sababu wewe ni mtu wa lugha». Waliosema hivyo walicheka, lakini walikuwa wamesema kweli. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa kitivo ambao siku moja watapata mafunzo au mkutano upande ule, na kwa walimu wetu, ambao watayaona mambo mengine kuliko niliyoyaona mimi.

Jambo la kwanza ni jina. Vitabu vya wasafiri na watu wengi barabarani husema Finisterre, kwa Kihispania. Vibao vya barabarani vinasema Fisterra, kwa Kigalisia, lugha ya jimbo lile, iliyo ndugu wa karibu wa Kireno. Sheria ya mwaka 1983 ya kurudishia Kigalisia hadhi yake inasema kwamba majina ya mahali ya Galicia yana umbo moja tu rasmi, lile la Kigalisia. Kwa hiyo anayetafuta Finisterre kwenye ratiba ya basi anaweza kudhani basi halipo, kumbe linaondoka mbele ya macho yake. Ni hivyo hivyo kwa Muxía, mji mwingine wa pwani ileile: herufi x husomwa kama sh yetu, na ukitamka «Muksia» dirishani utaombwa urudie. Siku za ratiba nazo zina maneno yake. Laborables ni siku za kazi, festivos ni Jumapili na sikukuu, na katika siku hizo mabasi hupungua. Tarehe 25 Julai ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo na pia sikukuu ya taifa la Wagalisia. Wahujaji wengi hupanga kufika siku hiyohiyo, halafu wanashangaa mbona usafiri umekuwa haba. Mwaka ambao tarehe hiyo inaangukia Jumapili huitwa mwaka mtakatifu. Wa mwisho ulikuwa 2021 na unaofuata ni 2027. Atakayekwenda mwaka huo atafute kitanda na tiketi mapema sana.

Jina lenyewe linatoka kwenye Kilatini finis terrae, mwisho wa nchi. Hapa mtu wa ramani atanung'unika, na ana haki. Rasi ya Fisterra si ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya. Ncha hiyo ni Cabo da Roca, Ureno. Hata katika Uhispania bara, Cabo Touriñán, karibu na Muxía, inaizidi Fisterra kwa kuingia magharibi. Jina halikutokana na vipimo. Lilitokana na watu waliokuja kwa miguu kutoka mashariki wakakuta maji mbele yao. Wafaransa wana Finistère yao huko Bretagne, lakini Wabretoni wenyewe huiita Penn-ar-Bed, ambayo tafsiri yake ni kichwa cha dunia. Mahali ni pamoja: mgeni anakuona kuwa mwisho na mwenyeji anakuita kichwa.

Nasi tuna mji wetu wa namna hiyo. Misafara iliyotoka Maniema na Ujiji, ikapita Tabora, iliishia Bagamoyo, na jina hilo huelezwa mara nyingi kuwa ni «bwaga moyo». Wengine husema ni moyo wa mpagazi anayetua mzigo na kupumzika, wengine kwamba ni moyo wa mtumwa anayekata tamaa mbele ya bahari. Kiswahili tunachokisema mashariki mwa Kongo kilipanda bara kwa njia hizohizo. Sikumweleza mama mdogo haya yote, maana tulikuwa kwenye foleni ya choo cha kituo cha mabasi, lakini ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri.

Jambo la pili ni saa, na hili ndilo linaloharibu mipango mingi. Watu huenda Fisterra kuona jua likizama baharini. Galicia iko magharibi ya mstari wa Greenwich, pamoja na Ureno, lakini tangu mwaka 1940 Uhispania inafuata saa ya Ulaya ya kati. Matokeo yake, mwishoni mwa Juni jua la Fisterra huzama baada ya saa nne usiku. Majira ya joto saa yao na saa ya Lubumbashi ni moja kabisa, tena bila tofauti ya dakika, lakini jua la kwetu mwezi huohuo limeshatua karibu na saa kumi na mbili jioni. Asubuhi za Desemba ni kinyume: Santiago jua huchomoza karibu na saa tatu. Hesabu ya saa za Kiswahili, inayoanza kuhesabu pale jua linapotoka, inapotea njia kabisa pande zile. Nilipomwambia mama mdogo kwamba tutaondoka saa tatu asubuhi alielewa vizuri. Niliposema jua litazama saa nne na robo usiku, aliniuliza kama ninamdhihaki.

Basi la mwisho la kurudi Santiago huondoka kabla ya jua hilo la kiangazi kuzama. Hapo ndipo pa kuamua, na ni heri kuamua ukiwa Santiago kuliko kubishana ukiwa kwenye mwamba. Ukitaka jua, lala Fisterra. Ukitaka kitanda chako cha Santiago, liache jua. Njia ya tatu ni teksi ya usiku, na kwa umbali ule gharama yake si ya mwanafunzi. Sisi gari la kikundi lilikuwa linaondoka kuelekea Ubelgiji kesho yake alfajiri, na goti la mama mdogo lilikuwa limevimba tangu siku mbili. Kwake jambo hili halikuwa dogo. Alikuwa ametembea kwa ajili ya nadhiri yake mwenyewe, na tangu mwanzo alikuwa ameiweka picha ya mwisho wake: jua, maji, kimya.

«Mwana, mimi nilikuja kuona jua likizama, sikuja kuona mnara wa taa.»

«Mama mdogo, tukilala kule tutaachwa na gari.»

«Apana. Wewe tafuta namna.»

Nilitafuta jioni nzima, na namna haikuwapo. Tulikwenda mchana. Hakufurahi, na mpaka leo tukizungumza kwa simu hunikumbusha.

Mchana wenyewe, ukipangwa vizuri, unatosha. Ukiondoka saa tatu asubuhi unafika kabla ya saa sita. Kutoka mjini hadi kwenye mnara wa taa ni kama kilometa tatu za kupanda taratibu kando ya barabara, na njiani kuna kanisa la mawe la Santa María das Areas, ambalo ni kisingizio kizuri cha kupumzika kwa mwenye goti bovu. Mnara ulijengwa mwaka 1853. Karibu nao kuna nguzo ya jiwe yenye alama ya kombe na kilometa sifuri, na kwenye miamba kuna kiatu cha shaba kilichowekwa kama kumbukumbu ya watembeaji. Zamani wahujaji walikuwa wakichoma nguo zao pale. Sasa ni marufuku, kwa sababu ya hatari ya moto na takataka zinazobaki. Aliyekuja kwa basi asitegemee cheti cha Fisterrana, kwa kuwa hicho hupewa waliotembea toka Santiago na kugongesha mihuri njiani. Kuoga baharini ni kwenye ufuo wa Langosteira, ulio upande wa ghuba. Mar de Fóra, yaani bahari ya nje, ni pazuri kwa macho lakini mawimbi yake ni hatari. Pwani yote hii huitwa Costa da Morte, pwani ya mauti, na meli nyingi zimezama hapa. Mwaka 1890 ilikuwa zamu ya manowari ya Waingereza HMS Serpent. Novemba 2002 meli ya mafuta Prestige ilipasuka ikazama mbali na pwani, na mafuta yake yakachafua fukwe zote hizi.

Chakula cha mchana kule hakipatikani mapema. Majiko ya migahawa huanza kama saa saba na nusu na hufungwa kama saa tisa na nusu, kwa hiyo panda mnarani kwanza, ule baadaye. Omba pweza aliyechemshwa na kutiwa mafuta ya zeituni, chumvi na pilipili nyekundu ya unga, au longueiróns, chaza warefu wanaofanana na mpini wa kisu, ambao mji huu unajulikana kwa ajili yao.

Mezani pale ndipo nilipopata nilichokuja kutafuta bila kujua kwamba kipo. Mwenye mgahawa, mama wa miaka sitini hivi, alisema nasi Kihispania safi. Alipogeuka kuita jikoni, g zake zote zikageuka kuwa h nzito ya kooni: gato, paka, likawa «hato», na hata galego, jina la lugha yenyewe, likasikika kama «haleho». Wanaisimu huita jambo hilo gheada, na eneo lake ni magharibi mwa Galicia, ikiwemo pwani hii. Palepale kuna pia seseo: c na z ambazo kwingine hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa kati ya meno, huku ni s tu, hivi kwamba dez, kumi, linakuwa «des». Kwa muda mrefu gheada ilichekwa kama alama ya mtu wa shamba asiyesoma. Leo huhesabiwa kuwa sifa ya lahaja kama nyingine, ingawa haiandikwi. Nilimwuliza yule mama, kwa Kihispania changu kibovu, kama naye husema Kigalisia. Alijibu kwamba husema, ila si kile kizuri cha televisheni.

Neno hilo nimelisikia Lubumbashi mara nyingi kiasi kwamba nilitaka kucheka. Muulize muuzaji wa soko la Kenya anasema Kiswahili gani, atakwambia: cha hapa tu, si kile bora cha Tanzania. Anasema «bantu» na «bintu» pale ambapo kitabu kinaandika watu na vitu, na shule imemfundisha kuona haya. Tofauti ni kwamba gheada imepata wanaisimu walioichora kwenye ramani kijiji kwa kijiji, na lugha yake ina sheria inayolinda hata jina la kituo cha basi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba yetu ya mwaka 2006. Lakini sijaona bado kibao cha mtaa wangu kilichoandikwa kwa namna mtaa unavyosema. Kati ya mada za tasnifu zinazopendekezwa mwaka huu, moja ingeweza kuanzia hapo.

Zimebaki safari za magari ya watalii. Hizo huondoka Santiago asubuhi na kurudi jioni, zikipita mara nyingi Muxía, maporomoko ya Ézaro ambako mto Xallas huanguka karibu kabisa na bahari, na ghala refu la mawe la Carnota lililoanza kujengwa mwaka 1768. Kwa mwenye miguu iliyochoka zina faida. Hasara yake ni kwamba kila mahali unapewa dakika chache, na mtu aliyetoka kutembea siku nzima kwa mwendo wake mwenyewe huona vigumu kuitwa kwa filimbi. Mimi nisingechanganya Fisterra na Muxía katika siku moja ya mabasi ya kawaida. Muxía, kilometa kama thelathini kutoka Fisterra kwa miguu, inataka siku yake. Kwenye miamba yake, mbele ya kanisa la Virxe da Barca lililoungua kwa radi tarehe 25 Desemba 2013, kuna mawe ambayo wenyeji husema ni mashua ya Bikira Maria: tanga, usukani, na jiwe kubwa liitwalo Pedra de Abalar, kutoka kwenye kitenzi abalar, kuyumbayumba. Mama mdogo ameshasema safari ijayo atalala huko usiku mmoja, na kwamba tiketi atanunua mwenyewe.