Je, Wajua? Kilima cha Makerere na Majengo Yake

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kama karakana? Mwaka 1922 vijana 14 walianza masomo kwenye kilima hicho cha Kampala, wakajifunza useremala, ujenzi na umakanika. Shahada zilikuja baadaye sana: mwaka 1949 ndipo chuo kilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikasimama peke yake.

Mgeni huanzia Jengo Kuu, lile lenye mnara wa saa, lililokamilika mwaka 1941. Julius Nyerere alipofika hapa mwaka 1943 kusomea ualimu, lilikuwa bado jipya. Usiku mmoja wa Septemba 2020 liliwaka moto, na wahitimu wa nchi zote za Afrika Mashariki wakatazama picha za paa likiteketea kama waliofiwa. Likajengwa upya kwa sura ileile ya zamani na kufunguliwa tena mwaka 2024. Mbele yake kuna Uwanja wa Uhuru, ambako wahitimu huvishwa majoho.

Lakini mimi ningemwomba mgeni asikae sana hapo. Aende Bweni la Nsibirwa.

Je, wajua kwamba mwenye jina hilo aliuawa kwa sababu ya ardhi ya chuo? Martin Luther Nsibirwa alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Vita vya pili vya dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni, chuo kilitaka kupanuka, na mashamba ya kilimani yalikuwa na wenyewe. Waganda wengi walikataa. Hawakuchukia elimu, walikuwa wameona jinsi majirani zao wa Kenya walivyonyang'anywa ardhi na walowezi, wakahofia kwamba ukishafungua mlango kwa ajili ya shule, hutaweza kuufunga kwa mwingine yeyote. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na si haki kuwaita watu hao wajinga kama walivyoitwa na baadhi ya watawala wa siku hizo. Nsibirwa aliona kwamba chuo kisipopata nafasi, watoto wa Uganda ndio watakaopungukiwa. Tarehe 4 Septemba 1945 Lukiiko, baraza la Buganda, likapitisha sheria ya kuruhusu ardhi itwaliwe kwa manufaa ya umma. Kesho yake asubuhi Nsibirwa alikwenda kusali Kanisa Kuu la Namirembe. Akapigwa risasi hapohapo kanisani, akafa.

Chuo kilipata ardhi yake. Bweni lenyewe, hata hivyo, halikupewa jina lake tangu mwanzo. Kwa miaka mingi liliitwa Northcote, kwa heshima ya Mwingereza aliyewahi kuwa gavana wa Hong Kong. Nionavyo mimi, hakuna badiliko la jina pale kilimani lililostahili kuliko hilo.

Katika bweni hilohilo, likiwa bado Northcote, aliishi kijana kutoka Limuru aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi, ambaye sasa tunamfahamu kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Juni 1962 Makerere ilipokea mkutano mkubwa wa waandishi wa Kiafrika. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na kutoka Marekani Langston Hughes. Ngugi, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache tu zilizochapishwa, alimpa Achebe mswada wa riwaya yake autazame. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1964 kwa jina *Weep Not, Child*. Mwaliko wa mkutano ule ulikuwa kwa wanaoandika kwa Kiingereza, kwa hiyo Shaaban Robert, gwiji wa fasihi ya Kiswahili, hakuwa na kiti. Alifariki Juni hiyohiyo. Ngugi alikuja kulitaja jambo hilo kwa uchungu katika maandishi yake ya baadaye, na mtu anayekipenda Kiswahili hawezi kulisoma bila kuumia naye.

Je, wajua kwamba kaulimbiu ya zamani ya chuo ilikuwa "Tuwe wanaume"? Mwaka 1945 waliingia wanawake sita wa kwanza, na maneno hayo hayakuweza kubaki. Sasa husema "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo". Bweni la wasichana la Mary Stuart, ambalo wanafunzi huliita "Box", lina jina la mke wa askofu wa Kianglikana wa Uganda. Jirani yake ni bweni la wavulana la Lumumba, lenye jina la Patrice Lumumba wa Kongo. Udugu wa mabweni haya mawili huitwa "Lumbox".

Shule ya sanaa ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na masomo ya kwanza aliyatoa kwenye baraza ya nyumba yake. Mmoja wa wanafunzi wake, Gregory Maloba kutoka Kenya, ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962.

Ng'ambo ya bonde ni Mulago, hospitali wanakofundishwa madaktari wa Makerere. Hapo daktari mpasuaji Denis Burkitt alikutana na watoto waliovimba mataya kwa uvimbe usioeleweka, akaandika kuuhusu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kama kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama zimeuona. Waligundua kwamba saratani hiyo huandama maeneo yenye joto na mvua nyingi, yaleyale ya malaria. Vipande vya uvimbe huo vikawa vikipelekwa London kwa ndege. Mzigo mmoja wa Desemba 1963 ulichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester, na maji ya chupa yakafika yamechafuka. Mtafiti Anthony Epstein hakuyamwaga. Aliyachunguza, akakuta chembe hai za saratani zinazoelea, akazikuza maabara, na ndani yake, mwaka 1964, kikaonekana kirusi cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu.