Je, Wajua? Waridi la Keki Huchanua Juu ya Msumari

Waridi la krimu unaloliona kwenye keki ya harusi mara nyingi halikutengenezwa juu ya keki yenyewe. Lilianzia kwenye kifaa kama msumari wenye kichwa kipana, kilichobandikwa kipande cha karatasi kwa tone la krimu. Mkono mmoja huuzungusha msumari polepole, mwingine huminya mfuko. Tundu la mdomo wa mfuko lina umbo la tone la chozi: upande mpana hukaa chini, mwembamba juu. Ukiligeuza, utapata petali nene kama mdomo wa aliyeumwa na nyuki.

Huanza chipukizi katikati, kisha petali 3, halafu 5, halafu 7, kila moja ikiziba mwanya wa zilizotangulia.

Adui ni joto. Siagi iliyo kwenye krimu huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na kiganja chako kinakaribia hapo. Ndiyo maana wapambaji wa sehemu za joto huichanganya na mafuta magumu ya mboga, au huurudisha mfuko kwenye friji kidogo.

Aisingi ya ute wa yai haina udhaifu huo. Hukauka ikawa ngumu, na maua yake hukaa miezi ndani ya boksi, mradi pawe pakavu. Ila bakuli likiwa na mafuta hata kidogo, ute hauumuki.

Na rangi? Changanya mapema. Pinki hafifu ya jioni huamka imekolea.