Maji ya Kijani Hayafai Hata Yakichemshwa

Ushauri wa kuchemsha maji ya kunywa umeokoa maisha ya watu wengi, kwa kuwa joto huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hata hivyo, upo uchafuzi ambao ushauri huo hauuwezi: ule wa maji ya ziwa au lambo yaliyogeuka kijani na kufunikwa na utando.

Utando huo huitwa mwani, lakini mara nyingi ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mvua husomba samadi, mbolea na udongo kutoka mashambani na malishoni hadi kwenye malambo na maziwa. Mvua zikikoma, maji hutulia, hupata joto na kupungua. Ndipo bakteria hao, wakilishwa na naitrojeni na fosforasi, huongezeka kwa kasi.

Si aina zote zenye sumu. Heroe wa Ziwa Manyara, na wale wa Ziwa Magadi ndani ya kreta ya Ngorongoro, hula aina iitwayo arthrospira. Lakini mwaka 2004 maelfu ya heroe walikufa katika Ziwa Manyara, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walieleza kuwa yamkini chanzo kilikuwa sumu ya sayanobakteria. Kwa macho pekee, utando wenye sumu hautofautishiki na usio na sumu.

Sumu iitwayo mikrosistini hudhuru ini, na anatoksini hudhuru neva. Mwaka 1996, mjini Caruaru nchini Brazili, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye mikrosistini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa ya kila siku.

Kuchemsha huwaua bakteria hao, lakini mikrosistini haiharibiwi na joto hilo. Seli zikipasuka, sumu iliyokuwamo humwagika majini. Kuchuja kwa kitambaa nako hakutoshi. Kinga ya kweli ni kubadili chanzo: kisima kirefu, chemchemi iliyohifadhiwa au maji ya mvua. Mifugo nayo isinyweshwe hapo. Wanaopiga kasia katika mitumbwi wauepuke utando, na aliyeguswa na maji hayo aoge mapema kwa maji safi.

Dalili ni kuwashwa ngozi, macho mekundu, kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo. Kwa kuwa zinafanana na za maradhi mengine, mhudumu wa afya asiache kupima malaria wala kuchunguza kipindupindu. Aulize pia: maji yalichotwa wapi? Yalikuwa na rangi gani? Je, kuna mifugo au mbwa waliokufa karibu na hapo? Dawa mahususi ya kuondoa sumu hii haipo. Mgonjwa hupewa maji yenye chumvichumvi na sukari (ORS) na kuangaliwa kwa karibu. Mwenye macho ya manjano, udhaifu wa misuli au shida ya kupumua apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Taarifa ifikishwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, afisa mifugo na RUWASA, ili chanzo hicho kifungwe kabla familia nyingine haijachota.