Jinsi Mji wa Göteborg Unavyotawaliwa

Watu wengi hudhani ya kuwa kila mji mkubwa wa Ulaya una mkubwa mmoja aliyewekwa na Serikali, naye huamuru apendavyo. Katika nchi ya Uswidi, iliyo kaskazini ya Ulaya, sivyo ilivyo. Leo twataka kueleza habari za mji wa Göteborg, ili wasomaji wapate kujua mambo mawili: kwanza, ni nani wakatao mashauri ya mji huo, na pili, watu waweza kufanya nini iwapo wale waliowachagua wamekata shauri wasilolipenda.

Göteborg ni bandari kubwa iliyo magharibi ya nchi, penye mdomo wa mto Göta. Mfalme Gustav II Adolf aliupa hati ya mji katika mwaka 1621, na wengi wa wajenzi na wafanya biashara wake wa kwanza walikuwa Waholanzi. Sasa ni mji wa pili kwa ukubwa katika Uswidi, wenye watu wapatao laki sita.

KURA ZA MALI

Sheria ya mwaka 1862 ndiyo iliyotenga utawala wa miji na vijiji vya Uswidi na mambo ya kanisa, ikawapa walipa kodi haki ya kuchagua wasimamizi wao. Lakini haki hiyo haikuwa sawa kwa wote. Kura zilihesabiwa kwa mali: tajiri alikuwa na kura nyingi, na maskini asiyelipa kodi hakuwa na hata moja. Katika vijiji vingine mtu mmoja alikuwa na kura kupita wenzake wote pamoja. Basi mkutano ulikuwa kazi bure, maana alilolitaka yeye ndilo lililokuwa. Mwaka 1909 sheria ilikataza mtu kuwa na kura zaidi ya 40. Ndipo katika mwaka 1918 Bunge lilipokata shauri kuzifuta kura za mali, wanaume na wanawake wakawa sawa katika uchaguzi wa miji na vijiji. Kazi hiyo ilichukua miaka zaidi ya 50.

BARAZA NA HALMASHAURI

Siku hizi uchaguzi hufanywa kila baada ya miaka minne, Jumapili ya pili ya mwezi wa Septemba. Siku hiyo mtu hupiga kura tatu: karatasi ya manjano ni ya Bunge, ya buluu ni ya jimbo, na nyeupe ni ya mji. Mpiga kura ya mji sharti awe ametimiza miaka 18, na jina lake liwe limeandikwa katika daftari ya wakaaji wa mji. Hata mgeni asiye Mswidi aweza kuipiga kura hiyo, akiwa amekaa katika nchi kwa kuandikwa miaka mitatu mfululizo. Na watu wa nchi za Umoja wa Ulaya, wa Norway na wa Iceland hawangoji miaka hiyo. Maana mgeni naye hulipa kodi, na watoto wake husoma katika shule za mji.

Wanaochaguliwa ni wajumbe 81 wa Baraza Kuu la mji. Viti hugawanywa kwa vyama kwa kadiri ya kura zao. Wengi wa wajumbe wana kazi zao nyingine, kama watu wote, nao huhudhuria Baraza kwa kupewa posho; wachache tu ndio wanaoshughulika na mambo ya mji siku zote. Baraza hukutana katika jumba liitwalo Börsen, lililojengwa mwaka 1849 kwa ajili ya wafanya biashara, na mtu ye yote aweza kuingia akaketi kusikiliza.

Baraza hupanga kodi na matumizi ya mwaka. Kisha huchagua Halmashauri ya watu 13 ya kuongoza kazi zote, na kamati za kusimamia kila kazi peke yake. Mwenyekiti wa Halmashauri ndiye aonekanaye kuwa mkubwa wa mji, lakini hakuchaguliwa na watu mmoja mmoja. Alichaguliwa na Baraza, na Baraza laweza kumwondoa.

Kazi za mji ni hizi: shule, utunzaji wa wazee na maskini, maji safi na maji machafu, takataka, zima-moto, maktaba, na kupanga mahali pa kujenga. Hospitali ni kazi ya jimbo. Polisi na mahakama ni za Serikali. Katika kila kroner 100 za pato lake, mtu hulipa kodi ya kroner 21 hivi kwa mji na 11 hivi kwa jimbo. Serikali huongeza fedha, tena iko sheria ya kuwatoza wenye nguvu ili wasaidiwe walio dhaifu, hata mtoto wa kijiji maskini apate mwalimu kama mwenzake wa mjini.

MALI BILA DAFTARI

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Waswidi nao hulishika sana jambo hili. Tangu mwaka 1766 wana sheria ya kuwa mtu ye yote aweza kwenda katika ofisi na kutaka kusoma barua na hesabu zake, wala haulizwi jina lake wala sababu, isipokuwa zile karatasi ambazo sheria imezifanya kuwa siri. Kadhalika Baraza huweka wakaguzi wa hesabu, ambao kila mwaka huleta taarifa yao mbele ya watu. Na mkaaji wa mji akiona ya kuwa shauri lililokatwa limevunja sheria, ana majuma matatu ya kulipeleka mahakamani. Lakini mahakama huangalia sheria tu. Haisemi kama shauri ni la busara au la upuzi.

SHAURI LA USHURU WA MOTOKAA

Basi, ikiwa shauri ni halali lakini watu hawalipendi, itakuwaje? Jambo hilo lilitokea Göteborg. Tangu Januari 1, 2013, kila motokaa iingiayo au itokayo katikati ya mji saa za kazi hutozwa ushuru. Fedha hizo, pamoja na za Serikali, ni za kujengea njia mpya, na kubwa yao ni handaki la gari moshi chini ya mji. Wengi walinung'unika.

Iko sheria ya kuwa mtu mmoja katika kila wapiga kura kumi akitia sahihi yake, Baraza sharti liwaulize watu wote, isipokuwa theluthi mbili za wajumbe wakikataa. Sahihi zilipatikana, na siku ya uchaguzi wa mwaka 2014 watu waliulizwa. Kiasi cha 57 katika kila 100 walisema ushuru usiendelee. Lakini kura ya namna hiyo ni ya kutoa maoni tu. Baraza lilikuwa limekwisha patana na Serikali, nalo lilikata shauri ushuru uendelee.

Wenye hasira hawakuvunja nyumba ya mtu. Walianzisha chama kipya cha kupinga handaki, na katika uchaguzi wa mwaka 2018 kilipata kura 17 hivi katika kila 100. Chama kilichoongoza mji tangu mwaka 1994 kikaondoka katika uongozi. Hata hivyo ushuru haukufutwa wala handaki halikuachwa, kwa kuwa wajumbe wengi wa vyama vingine waliyataka. Na mwaka 2022 chama kile cha zamani kilirudi.

Msomaji aweza kusema ya kuwa watu walidanganywa. Mwingine atasema ya kuwa mji hauwezi kuvunja ahadi yake kila mara upepo ugeukapo. Waswidi wenyewe wamebishana hivyo hivyo. Lakini ni wazi ya kuwa kusikilizwa si sawa na kutiiwa: mwenye neno lake sharti alilete barazani, alitetee, awapate wenziwe, na akishindwa angoje uchaguzi mwingine. Asiyekuwapo, na lake halipo.