Maji Huharibikia Njiani

Bukoba haijapungukiwa maji ya kutazama. Mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, kwa kuwa pepo za kusini-mashariki hulivuka Ziwa Viktoria zima zikibeba unyevu na kuja kuumwaga kwenye ukingo huu wa magharibi. Mbele ya mji limetanda ziwa lenyewe, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukishuka kuelekea Muleba unakuta chemchemi zikitoka kwenye miguu ya vilima. Pengine ni wingi huo unaofanya mabishano ya maji ya kunywa yaelekee kwenye chanzo: ya chemchemi au ya ziwa, ya mvua au ya bomba, yapi bora? Naona swali hilo limekaa vibaya. Hakuna maji yanayozaliwa salama yakabaki hivyo yenyewe. Usalama wake ni kazi inayofanywa tangu yanapotoka mpaka yanapofika kinywani, na hatua moja ikiachwa, uzuri wa chanzo hauokoi mtu.

Tuanze na chemchemi, maana ndiyo inayotetewa kwa moyo zaidi. Miinuko inayoambaa na ziwa kutoka Bukoba hadi Muleba imejengwa kwa mawe ya mchanga, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Bukoba yenyewe. Mvua huzama juu, hupenya mwambani, na ikikuta tabaka lisilopitisha maji hutokeza bondeni. Maji yakipita taratibu kwenye udongo na mchanga laini, vijidudu vingi hunaswa au hufa kabla ya kufika. Lakini mwamba una nyufa, na ndani ya ufa maji hayachujwi, yanakimbia. Sasa tazama makazi yalivyo: nyumba na kibanja cha migomba viko juu mgongoni, choo cha shimo kiko humohumo kibanjani, ng'ombe wanachungwa kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi, na chemchemi iko chini ya vyote hivyo. Kinachozama juu kinaweza kutokea chini, na kikatoka baridi, kiangavu, bila harufu wala ladha. Jicho halioni vimelea vya kuhara. Kipimo cha maabara huchukua mililita 100 za maji na kutaka kusipatikane hata bakteria mmoja wa aina ya E. koli, anayeishi matumboni mwa watu na wanyama, kwa sababu akionekana huyo ni shahidi kwamba kinyesi kimeshafika majini.

Mtu atasema kwamba wazee walikunywa chemchemi hizohizo na wakafika miaka themanini. Kweli walikuwepo, na tunawataja kwa sababu waliishi. Watoto waliokufa kwa kuhara kabla ya kutimiza miaka mitano hawakubaki kutoa ushahidi wao. Tena vilima vya wakati ule vilibeba kaya chache na vyoo vichache kuliko leo. Jibu hili haliivunjii chemchemi heshima, ila linatukumbusha kwamba yataka kujengewa. Mafundi huchimba kulifuata jicho la chemchemi mpaka walipate, hulizungushia kokoto, hulifunika kwa udongo wa mfinyanzi, hujenga ukuta wenye bomba la kutolea maji, huchimba mfereji upande wa juu wa kuyakinga maji ya mvua, kisha huweka uzio ili mifugo isikanyage. Choo kinawekwa mbali, angalau mita 30, na kwenye mwamba wenye nyufa hata hizo ni chache. Kazi yote hiyo ni ya majembe, mawe na saruji. Inayosumbua ni ile ya baadaye: nani atazibua mfereji mwakani, nani ataurudisha uzio ukianguka.

Ziwa nalo lina hadithi yake. Maji yake mengi, karibu asilimia 80, huingia kwa mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, wala si kwa mito. Hapo ungedhani ni safi. Lakini mtu hachoti katikati ya ziwa, anachota ufukweni, na ufukweni ndiko Mto Kanoni unakomwaga ulichokikusanya ulipopita katikati ya mji, ndiko watu wanakofua na kuoga, ndiko konokono wa kichocho wanakokaa. Kichocho chenyewe mara nyingi hakiingii kwa kunywa, huingia kwenye ngozi ya anayekanyaga majini ili achote, na kwa hiyo anayechota huugua hata kama maji aliyoyapeleka nyumbani yalichemshwa. Vijidudu hivyo vya kichocho haviwezi kumwingia mtu vikishakaa zaidi ya siku mbili bila kumpata, ndiyo maana maji ya kuogea yaliyolazwa saa 48 yana nafuu kubwa.

Mjini Bukoba mamlaka ya maji, BUWASA, huyavuta maji ya ziwa pale Bunena, na maji ya ziwa yanapotibiwa mtamboni, hatua ya kwanza inayopendeza kuitazama ni ya shabu. Ni jamaa wa shabu ileile inayouzwa sokoni. Weka kiasi kidogo kwenye chombo cha maji yenye tope na ukoroge. Kwa muda huoni kitu. Halafu maji yanaanza kujaa chembe zinazoelea kama pamba iliyochambuliwa, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge mepesi, mabonge yanazama taratibu, na juu yanabaki maji meupe. Tope na majani madogo ya ziwani yana chaji ya umeme inayozifanya chembe zisukumane, na shabu huiondoa chaji hiyo. Kilichobaki hupitishwa kwenye chujio la mchanga, kisha huwekwa klorini. Utaratibu huo unafuatana kwa sababu. Klorini ikikutana na tope hutumika kupigana na tope, na vijidudu vilivyojificha ndani yake vinapona.

Kwamba matibabu ndiyo yanayoamua na si chanzo, hilo lilithibitishwa kwa gharama ya maisha ya watu wengi mwaka 1892 huko Ujerumani. Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili iliyogusana, yote ikinywa Mto Elbe. Hamburg ilivuta maji juu ya mji, kabla mto haujachafuliwa, ikayagawa bila kuyachuja. Altona ilivuta chini, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake wote, lakini ikayapitisha kwenye mchanga. Kipindupindu kilipoingia kiliua Hamburg watu wapatao 8,600, na Altona wachache tu. Kulikuwa na kundi la nyumba ndani ya Hamburg lililounganishwa na bomba la Altona, nalo likapona huku majirani wakifa. Aliyeifanya dunia iielewe kesi hiyo ni Robert Koch, mtaalamu wa vijidudu. Waliokuwa na chanzo kibaya walinusurika, waliokuwa na chanzo kizuri walizika.

Klorini ndiyo inayolalamikiwa kuliko yote. Inanuka, wanasema, ni dawa ya kufulia, inaleta saratani. Malalamiko haya yastahili jibu la haki. Shirika la Afya Duniani huweka ukomo wa miligramu 5 kwa lita moja, na kinachotakiwa kubaki kwenye maji ya bomba ni kati ya 0.2 na 0.5, yaani sehemu ya kumi ya ukomo au chini ya hapo. Ni kweli pia kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea hutengeneza kemikali zisizotakiwa, ndiyo sababu nyingine ya kuyachuja maji kwanza. Lakini hatari hiyo ni ndogo, ya miaka mingi, na kipindupindu huweza kumkausha mtu mzima akafa ndani ya siku moja. Tanzania tulikiona tangu Agosti 2015, mlipuko ulioanzia Dar es Salaam na kusambaa, ukagusa zaidi ya watu 30,000 hadi kufikia 2018. Hiyo harufu hafifu inamaanisha mlinzi bado yuko ndani ya bomba. Isipokuwepo kabisa kwenye kilula cha mwisho ndipo pa kutia shaka, kwa kuwa bomba likipasuka na presha ikashuka, maji ya mtaroni huvutwa ndani, na kinachoweza kuyakabili ni ile klorini iliyobaki tu.

Mialoni na visiwani, Bumbire na Goziba na vingine vya Muleba, hesabu ni ngumu zaidi. Watu wanakaa wamebanana juu ya mwamba au mchanga, choo hakichimbiki au kinachimbika kikajaa maji, na ziwa ndilo kisima na ndilo jalala. Mei 2020 kimo cha ziwa kilipita rekodi zote, hata ile ya 1964, na vyoo vya ufukweni katika mialo mingi kulizunguka ziwa vikaingiliwa na maji. Huko kumwambia mtu asinywe ya ziwa ni maneno matupu. Mvua ipo. Bati la mita za mraba 50 kwa mvua ya Bukoba hupokea lita 100,000 kwa mwaka, ukipoteza moja ya tano bado zinabaki 80,000, mradi maji ya dakika za mwanzo yamwagwe na kinyesi cha ndege kilichoko juu ya bati. Kwingine Muleba mvua ni pungufu, na tenki ni ghali kuliko bati.

Kisha ipo hatua ambayo hakuna mtambo unaoifikia. Maji yametoka safi kilulani, yameingia kwenye dumu ambalo mdomo wake umezibwa kwa ndizi mbichi au jani la mgomba lililokunjwa, dumu ambalo ndani limejenga utelezi wa kijani usiofikiwa na mkono. Nyumbani yanamiminwa kwenye ndoo wazi, na mtoto anachovya kikombe pamoja na vidole. Tafiti za nchi nyingi zinazoendelea zimeona jambo hilohilo: maji yaliyopimwa safi kwenye chanzo hupimwa machafu ndani ya nyumba. Ndoo yenye kifuniko na koki chini huondoa sehemu kubwa ya shida hiyo.

Kuchemsha kunatosha, wengine watasema. Kunatosha kuua vimelea, na watu wengi wanajipa kazi kuliko inavyotakiwa. Kwa mwinuko wa Bukoba, mita zipatazo 1,134 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na vimelea vya kuhara hufa kabla ya hapo. Yakishatokota kwa nguvu yametosha. Dakika ishirini za kuyaacha jikoni ni kuni na mkaa uliochomwa bure. Lakini maji yaliyochemshwa hayana mlinzi. Yakipoa kwenye sufuria wazi na kuchotwa kwa kikombe cha wote, yamerudi yalikotoka. Wala kuchemsha hakuondoi sumu ya ule mwani wa kijani unaotanda ghubani maji yanapotulia. Hapo dawa ni kutochota.

Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na miradi huendeshwa na vyombo vya jamii vyenye kamati wanazochagua watumiaji wenyewe. Katika mikutano ya vijiji swali huwa ni bomba litafika lini. Liulizwe pia la pili, la klorini. Kipimo cha klorini ni kichupa cha maji na kidonge kidogo. Maji yakigeuka rangi ya waridi, mlinzi yupo, yakibaki meupe, hayupo. Kamati iseme kilula cha mwisho kabisa, kile cha ng'ambo ya bonde, kilipimwa lini, na maji yalitoka rangi gani.